Chuma Kichwani: Lugha na Usalama katika Utafiti wa Ubongo

Katika makala haya mafupi tunakusudia kueleza jinsi watafiti wanavyopima usalama wa tiba ya kuchangamsha ubongo bila kupasua kichwa, kwa wagonjwa wa Alzheimer, yaani ule ugonjwa wa kusahau ambao daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza mwaka 1906. Msomaji asishangae kuona jambo hili katika jarida la lugha, atuvumilie kidogo.

Njia zinazotumika sana ni mbili. Moja hupitisha umeme hafifu, kwa kawaida miliampea 1 hadi 2, kupitia sponji zilizoloweshwa maji ya chumvi. Nyingine hutumia sumaku, na mashine yake ilionyeshwa Sheffield, Uingereza, na Anthony Barker na wenzake mwaka 1985. Madhara ya kawaida ni kuumwa kichwa na ngozi kuwasha. Linaloogopwa zaidi katika njia ya sumaku ni mgonjwa kuanguka kifafa. Hutokea kwa nadra, lakini ugonjwa wa Alzheimer wenyewe huongeza hatari ya kifafa. Ndiyo maana wataalamu walikutana Siena, Italia, mwaka 2008, wakaweka kanuni za usalama.

Kabla ya yote, mgonjwa huulizwa kama ana chuma kichwani, kwani sumaku inaweza kukisogeza au kukipasha moto. Hapa ndipo lugha inapoingia. Tuchukulie mzee wa Olumbi, wilaya ya Palma, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, anayesema Kimwani au Kimakwe nyumbani na Kiswahili anapokutana na wageni. (Hatusemi kwamba utafiti huo umefika Olumbi, tunapima lugha tu.) Vita vya ukombozi vilivyoanza Cabo Delgado Septemba 1964 vilimkuta kijana. Akiulizwa, "Una metali kichwani?" atajibu hapana, wala hakudanganya. Aulizwe kama aliwahi kupigwa risasi au bomu, na kama kuna kipande kilichobaki. Tena aulizwe mbele ya mkewe au wanawe, maana huenda amesahau, na kusahau ndiko kulikomleta.

Tulipowapa wanafunzi wetu wa tafsiri fomu ya ridhaa, wengi waliandika "kuchochea ubongo". Kamusi inawaunga mkono, lakini masikioni mwa mzee uchochezi ni fitina. Sisi tunapendelea "kuchangamsha". Ugumu zaidi ulikuwa kwenye kundi la kulinganishia, ambalo huwekewa mashine inayolia bila kufanya kazi. Mwanafunzi mmoja aliandika "tiba ya uongo". Nani atatia saini hapo? Tulikubaliana fomu iseme waziwazi: "Huenda ukawekewa mashine isiyofanya kazi, na wewe hutaambiwa ni ipi."

Fomu isomwe kwa sauti, kisha mzee aombwe aieleze kwa maneno yake. Akishindwa, ndugu anayeruhusiwa kisheria huombwa ridhaa kwa niaba yake. Hata hivyo, kwa mujibu wa Azimio la Helsinki, mzee mwenyewe akisema "sitaki", neno lake liheshimiwe.