Mita Nne za Matagorda

Umri wa boti ya doria haupimwi kwa miaka peke yake. Ushahidi wa wazi ninaoujua ni wa boti za aina ya Island za Walinzi wa Pwani wa Marekani: 49 zilizojengwa Louisiana kuanzia katikati ya miaka ya 1980, kila moja ikiwa na urefu wa futi 110, karibu mita 33 na nusu. Baada ya 2001 doria ziliongezeka, na boti mpya zilikuwa bado mbali. Ikaamuliwa zilizopo zirefushwe kwa futi 13, karibu mita nne, upande wa tezi, ziwe na mteremko wa kushushia mashua ndogo. Matagorda ndiyo iliyotangulia. Septemba 2004, ilipokuwa ikikwepa kimbunga Ivan, mabati yake yalijikunja. Chombo kikiinuliwa katikati na wimbi, omo na tezi huning'inia na sitaha huvutwa. Wimbi likikamata ncha mbili, sitaha hiyohiyo hubanwa. Kila mita inayoongezwa huzidisha mzigo huo, na mataruma ya Matagorda yalikuwa yamepimwa kwa urefu wa awali. Viraka havikutosha. Novemba 2006 boti zote nane zilizorefushwa ziliondolewa kazini, na karibu dola milioni 100 zikapotea.

Atasema mtu kwamba zilikuwa kuukuu, chuma kimeliwa na chumvi, zingeanguka tu. Kutu ilikuwepo kweli, lakini hoja hiyo inakanushwa na dada zao. Baadhi ya zile ambazo hazikurefushwa zilibadilishiwa mabati na mitambo katika karakana ya Walinzi wa Pwani huko Baltimore, zikaendelea na doria miaka mingi. Cushing, iliyoanza kazi 1988, ilikabidhiwa Ukraine 2018, ikaitwa Sloviansk. Kilichoizamisha Machi 2022 ni kombora la Urusi, si bahari.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mabaharia walihitaji mteremko ule kwelikweli, maana kushusha mashua kwa winchi baharini kukichafuka ni hatari. Walihitaji, nakubali. Ndiyo maana boti za aina ya Sentinel, ambazo ya kwanza, Bernard C. Webber, ilianza kazi 2012, zina futi 154 na mteremko tezini, na chuma chake kilihesabiwa kwa urefu huo tangu kwenye michoro.