Nati nyekundu za Bedford si za kuchezea

NAKURU, Kenya

KILA Jumamosi huwa chini ya Bedford QL, lori la jeshi la Uingereza lililoundwa kati ya 1941 na 1945. Ni la petroli, silinda 6, na magurudumu yote manne husukuma. Halina kompyuta, spana na subira vinatosha.

Nimelijengea bodi mpya ya mbao na kulipaka rangi ya samawati. Nati za rimu nimeziacha nyekundu, kama jeshi lilivyozipaka. Rimu ni vipande viwili, na nati hizo ndizo zinazovishikanisha. Ukizifungua tairi likiwa na upepo, rimu huruka na kuua.

Ndugu msomaji unayerudi nyumbani au kufanya biashara mpakani, lori la mnada huenda limepakwa rangi moja kote. Toa upepo wote kwanza, ndipo ushike spana.