Mgonjwa wa kiharusi akinyamaza, usidhani akili imemtoka

Mtu akipigwa na kiharusi na kupoteza kauli, ndugu huanza kumsema mbele yake kana kwamba hayupo. Wanajadili nani auze ng'ombe, nani abaki na shamba, kama atauona mwezi ujao. Naye kalala palepale kitandani, na mara nyingi anaelewa mengi kuliko wanavyodhani. Hili ni miongoni mwa mambo yanayoniumiza zaidi katika ugonjwa huu, kwa sababu chanzo chake si ubaya wa moyo. Ni kutojua tu kwamba ubongo umegawana kazi, na kwamba sehemu ya kuzungumza ikiharibika, ile ya kuelewa inaweza kuwa nzima.

Ubongo wa mtu mzima una takriban kilo 1.4, yaani kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Na hauweki akiba. Damu ikikatika hata kwa dakika chache, seli zake zinaanza kufa. Kiharusi ndiyo hali hiyo: ama bonge la damu limeziba mshipa unaolisha ubongo, ama mshipa umepasuka na damu inavuja, na mara nyingi nyuma yake kuna presha iliyokaa miaka bila kutibiwa. Mgonjwa atapoteza nini, hilo linategemea ni mahali gani palipokosa damu.

Ushahidi uliowashawishi madaktari wengi ulitoka Ufaransa mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris. Alikuwapo mgonjwa aitwaye Louis Victor Leborgne, ambaye kwa miaka mingi alijibu karibu kila swali kwa silabi moja: "tan". Hata hospitalini walimwita Tan. Mkono na mguu wake wa kulia vilikuwa vimepooza. Daktari wa upasuaji Paul Broca alimpokea akiwa hoi kwa maambukizi ya mguu, akamuuliza amekaa Bicêtre miaka mingapi. Leborgne akafungua kiganja cha kushoto mara nne, kisha akaongeza kidole kimoja. Miaka 21. Ilikuwa sahihi kabisa. Alipoulizwa swali lilelile kwa mara ya tatu, alitambua kwamba anapimwa, akakasirika. Asiye na akili hakasiriki kwa sababu kama hiyo.

Tarehe 17 Aprili, siku chache tu baadaye, Leborgne alifariki. Broca alifungua fuvu na kukuta sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto, imeharibika. Hadi leo panaitwa eneo la Broca. Basi mgonjwa wako asiyeweza kusema, muulize maswali ya ndiyo na hapana, mshike mkono wake mzima, mpe nafasi akujibu kwa kidole.

Kuna hali ya kinyume, iliyoelezwa mwaka 1874 na Carl Wernicke, daktari wa Ujerumani. Wagonjwa walioumia nyuma zaidi, usawa wa sikio la kushoto, waliongea kwa mtiririko lakini maneno hayakushikana, na wao wenyewe hawakuelewa walichoambiwa. Mtu wa namna hiyo akitokea mtaani kwetu, ni rahisi kusema amerukwa na akili au amepandwa na mashetani, akapotezewa siku nzima kwa mganga. Kumbe ni kiharusi, sawa na cha yule aliyepooza mkono.

Si lazima kukariri majina ya kigeni ili kuifahamu ramani yenyewe. Shika kichwa chako. Nyuma ya paji la uso ndiko kuliko kupanga, kuamua na kujizuia, na aliyeumia hapo anaweza kutembea na kuongea vizuri lakini tabia yake ikawa ngeni kwa mkewe na wanawe. Chini ya utosi zinapita kanda mbili zinazokatiza kuelekea masikioni: ya mbele huamrisha misuli, ya nyuma hupokea mguso. Panja ni kusikia na kumbukumbu. Kuona kuko kisogoni, mbali kabisa na macho, ndiyo maana mtu anaweza kupofuka macho yakiwa mazima. Tena neva za misuli hupishana kabla ya kushuka kwenye uti wa mgongo, hivyo nusu ya kushoto ya ubongo huendesha mkono na mguu wa kulia, na ya kulia huendesha vya kushoto.

Jeraha la nusu ya kulia, nyuma ya utosi, huleta jambo ambalo ukiliona hutalisahau. Mgonjwa anawekewa sahani ya ugali na mchicha. Anakula upande wa kulia mpaka sahani inang'aa, wa kushoto hajaugusa, halafu analalamika kwamba hakushiba. Macho yake hayana tatizo. Igeuze sahani, atakula kilichobaki. Ubongo wake umeacha kutambua kwamba kuna upande wa kushoto. Mwingine hunyoa ndevu nusu ya uso. Anayemuuguza akilijua hili hatamgombeza. Atakaa kushoto kwake, amwite, amguse mkono ule, amzoeze kugeuza kichwa.

Kumbukumbu nayo haikai mahali pamoja. Mwaka 1953 Henry Molaison, Mmarekani mwenye kifafa, alifanyiwa upasuaji uliomwondolea sehemu za ndani za panja zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya kiungo kiitwacho hipokampasi. Tangu hapo hadi alipofariki mwaka 2008, matukio mapya hayakumkaa kichwani. Lakini mwanasaikolojia Brenda Milner alipompa kazi ya kuchora nyota akiitazama kwenye kioo, mkono wake ulizidi kuwa hodari siku hadi siku, ingawa hakukumbuka kwamba aliwahi kuifanya. Kwa hiyo mgonjwa asiyekumbuka mazoezi ya jana bado anastahili kufanyishwa ya leo. Mwili unaweza kujifunza, na sehemu nzima za ubongo huweza kuchukua baadhi ya kazi za zile zilizokufa, hasa miezi ya mwanzo.

Ubongo mdogo, ulio chini ya kisogo, hautajwi sana, ilhali una seli nyingi za neva kuliko sehemu nyingine zote za ubongo zikijumlishwa. Ndio unaolinganisha mwendo. Kiharusi cha hapo humfanya mtu ayumbe kama mlevi na kutapika, bila kupooza popote, na wapo wanaoambiwa wakalale pombe iwatoke.

Uso kuvutwa upande mmoja, mkono kutoinuka, maneno kukorogeka, kuona nusu tu, kizunguzungu kikali: lolote kati ya haya likimjia mtu ghafla, tazama saa. Andika dalili zilianza lini, kisha mkimbize hospitali yenye kipimo cha CT Scan. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na bila picha daktari hawezi kuwa na uhakika kama mshipa umeziba au umepasuka. Usimpe aspirini nyumbani, kwani ikiwa damu inavuja itazidi. Usimpe uji, chai wala maji mpaka apimwe kumeza, maana koo lake huenda limepooza na akapaliwa.