Mja Mzito wa Mlalo Naye Apimwe kwa Wakati

Msafiri atokaye Mombo huliacha joto la nyika, akapanda kilomita 33 za barabara yenye kona nyingi mpaka Lushoto. Akiendelea mbele huvuka vilima na mabonde hata akafika Mlalo, mji wa kale wa Wasambaa, ambao nyumba zake zimesongamana juu ya kilima na mashamba yake yameshuka hadi bondeni. Sisi wa visiwani twaweza kudhani kwamba mambo ya huko hayatuhusu. Lakini mlima nao ni kisiwa. Mja mzito wa Mlalo aliyekatiwa njia na mvua, na mwenzake wa Kojani angojaye bahari itulie, wana haja moja: huduma iwafikie kabla muda haujapita.

Leo tunapenda kuzungumzia huduma moja ambayo wengi wameisikia na wachache wameielewa, nayo ni kipimo cha ultrasaundi kwa mtoto aliye tumboni, hasa katika kuchunguza mifupa yake.

Chombo hiki si kigeni tena duniani. Mwaka 1958 Profesa Ian Donald wa Glasgow, pamoja na wenziwe John MacVicar na Tom Brown, walitangaza kwamba mawimbi ya sauti, ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia, yanaweza kupitishwa tumboni na mwangwi wake kugeuzwa picha. Mwaka 1972 Stuart Campbell na wenziwe wakaeleza jinsi walivyomtambua kwa njia hiyo mtoto ambaye fuvu lake halikuumbika. Tofauti na eksirei, kipimo hiki hakitumii mionzi. Tena mfupa ni miongoni mwa vitu vinavyoonekana vyema zaidi, kwa kuwa hurudisha mwangwi mkali na kung'aa mweupe katika picha, hali nyama na maji vikibaki na kivuli.

Mpimaji mwenye ujuzi hatafuti jambo moja tu. Huhesabu viungo, akapima urefu wa mfupa wa paja na wa mkono, akatazama kama mifupa imenyooka au imepinda, kama ina nguvu au imevunjika ingali tumboni. Hutazama nyayo na vidole, umbo la fuvu, mpangilio wa pingili za uti wa mgongo, na upana wa kifua. Hili la kifua ndilo zito kuliko yote. Mtoto mwenye mifupa mifupi anaweza kuishi na kuzeeka. Lakini kifua kikiwa chembamba mno, mapafu hayapati nafasi ya kukua, na mara nyingi mtoto huyo hawezi kuishi baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo swali la kwanza la daktari ni kama mtoto ataweza kupumua. Jina la ugonjwa laweza kungoja.

Maradhi ya kiunzi cha mifupa ni mengi, zaidi ya 400 kwa hesabu ya wataalamu, lakini kila moja ni adimu. Yote kwa pamoja hukadiriwa kuwapata watoto wawili au watatu katika kila 10,000 wanaozaliwa. Nyayo zilizopinda kwa ndani ni za kawaida zaidi, takriban mtoto mmoja katika kila 1,000. Msomaji aweza kuuliza: kwa idadi ndogo namna hii, kuna haja gani ya kuwashughulisha wakubwa? Jibu letu ni kwamba hatua za kumtambua yule mmoja ndizo zile zile zinazowafaa mama wote.

Tutazame mfano. Mtoto wa wiki 20 ana mfupa wa paja wenye urefu wa milimita 33 hivi. Wa wiki 18 ana milimita 27, na wa wiki 22 ana 39. Sasa mama afike kliniki akidhani mimba yake ina wiki 22, kumbe ina 18. Mpimaji atakuta pungufu ya milimita 12 na kuingiwa na hofu ya ulemavu ambao haupo. Kinyume chake nacho chawezekana: mimba ikidhaniwa changa kuliko ilivyo, mfupa mfupi utaonekana mzima. Urefu wa mfupa, basi, hauna maana mpaka umri wa mimba ujulikane, na umri hujulikana vyema zaidi kwa kipimo cha mapema. Mama anayehesabu kwa msimu wa vuli na masika hana kosa. Wenye kosa ni wale waliomwachia kalenda ya mvua iwe chombo chake pekee.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2016 kwamba kila mja mzito apate kipimo kimoja cha ultrasaundi kabla ya wiki ya 24. Kipimo hicho huthibitisha umri, huonyesha kama watoto ni pacha, na hufichua baadhi ya kasoro. Hata hivyo hakioni yote. Ufupi wa aina ijulikanayo kama akondroplasia aghalabu hauonekani ila baada ya wakati huo, na watoto wapatao wanane katika kila kumi wenye hali hiyo huzaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida. Mama aliyeambiwa kwamba hakuna kasoro iliyoonekana asidhani ameahidiwa kuwa haipo.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya Ulaya, hayawezekani kwetu. Hao tunawakumbusha Korogwe, chini ya milima hiyo hiyo ya Usambara. Huko, kuanzia mwaka 2008 hadi 2010, watafiti wa Tanzania na wenzao wa Denmark na kwingineko waliandikisha waja wazito wapatao 1,000 katika utafiti wa malaria, wakathibitisha umri wa mimba kwa ultrasaundi. Kutokana na vipimo vya kichwa, tumbo na mfupa wa paja vilivyorudiwa rudiwa, mwaka 2012 walitangaza kipimio cha uzito wa watoto walio tumboni kilichotokana na mama zetu wenyewe. Hapa visiwani, Pemba ilikuwa moja ya sehemu tatu za utafiti wa AMANHI, pamoja na Sylhet ya Bangladesh na Karachi ya Pakistan, ambamo mimba zilipimwa mapema kwa njia hiyo hiyo. Basi kuwezekana kumethibitika. Kilichobaki ni kuyageuza yale ya mradi, ambao huja na kuondoka, yawe ya kila siku.

Je, kujua kuna faida gani? Sheria ya nchi inakataza kutoa mimba ila kwa ajili ya kuokoa maisha ya mama; kwa hiyo kwetu sisi faida kuu ni kujiandaa. Mtoto ambaye mifupa yake huvunjika upesi anahitaji mikono laini ya mkunga aliyeonywa. Mwenye kichwa kikubwa huenda akahitaji kuzaliwa kwa upasuaji, na upasuaji hauanzi kutafutwa uchungu ukiwa umeshika juu ya mlima. Mwenye mgongo wazi anafaa kuzaliwa karibu na wapasuaji, na hapa Unguja upasuaji wa namna hiyo umekuwa ukifanyika katika hospitali ya Mnazi Mmoja tangu mwaka 2014. Mwenye nyayo zilizopinda hana haja ya kukatiwa tamaa hata kidogo: kwa njia ya Dakta Ponseti hufungwa plasta ngumu, ile watu waiitayo hogo, ikabadilishwa kila wiki kwa wiki chache, kisha huvaa viatu maalumu, akatembea kama wenzake. Na yule ambaye hataishi, wazazi wake wana haki ya kuambiwa kwa upole, wampokee na wamuage bila ya kustukizwa.

Liko neno la zamani, kigego, aliloitwa mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Pwani na Usambara alihesabiwa kuwa ni mkosi, na zama hizo wapo waliouawa kwa sababu hiyo. Desturi hiyo ilikufa, lakini kivuli chake hakijaondoka chote. Bado mama aliyezaa mtoto mlemavu huulizwa alikosea nini. Ultrasaundi ikiletwa bila ya maelezo yaweza kukirefusha kivuli hicho, kwani fununu zitamtangulia mtoto. Ikiletwa pamoja na maneno ya busara, itakifupisha.

Mlalo yenyewe ina funzo kwa watawala. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha hapo mpango wa kuhifadhi udongo, baadaye ukaenezwa sehemu nyingine za Usambara. Wakulima waliamriwa kulima matuta, na aliyekaidi aliadhibiwa. Udongo kweli ulikuwa ukimomonyoka. Hata hivyo watu waliupinga mpango, na kabla ya Uhuru ukaachwa. Jambo jema likipelekwa kwa amri hurudi mikono mitupu.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika mambo manne. Kwanza, wauguzi na matabibu wa vituo vya milimani na visiwani wafundishwe kupima umri wa mimba na kutambua mfupa usio wa kawaida. Hawatakiwi kutaja jina la ugonjwa, watakiwa kujua wakati wa kuomba msaada. Pili, njia ya rufaa ijulikane tangu mwanzo, kutoka Lushoto hadi Bombo mjini Tanga, na ikibidi hadi KCMC au Muhimbili, na nauli isiwe kizuizi. Tatu, mashine isipelekwe bila ya umeme wa uhakika, fundi na vipuri, maana chombo kilichofunikwa kitambaa hakimpimi mtu. Nne, kinga isisahauliwe. Uti wa mgongo hufunga katika siku 28 za mwanzo, kabla mama wengi hawajajua kuwa wana mimba. Kwa hiyo vidonge vya foliki humfaa zaidi mwanamke kabla ya kushika mimba. Unga wa viwandani hutiwa virutubisho, lakini mahindi ya Mlalo husagwa katika mashine za kijijini. Humo nako kutazamwe.

Nanyi akina mama, na ninyi waume zao, msingoje tumbo liwe kubwa ndipo muende kliniki. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Miezi ya mwanzo ndiyo wakati wa kuutazama ufa huo, na kazi ya Serikali ni kuhakikisha kwamba yule aliyeshuka mlima, au aliyevuka bahari, anamkuta mpimaji mahali pake.