Pilipili Manga Imekwisha

Wahenga walinena: umoja ni nguvu. Nami huuliza: shauri la nani, na damu ya nani? Swali hili hunijia kila nisomapo habari za Loos, mji mdogo wa wachimba makaa ya mawe kaskazini mwa Ufaransa.

Septemba 25, 1915, Wafaransa na Waingereza walitoka mahandakini siku moja kumshambulia Mjerumani. Wafaransa walishika Champagne na Artois. Waingereza wakapewa Loos. Shauri lilikuwa la Joffre, jemadari wa Wafaransa. Haig wa Uingereza alikwisha kuiona ardhi ile ni wazi, haina pa kujisitiri, na makombora hayatoshi. Lakini Kitchener, waziri wa vita, aliamua mshirika asiachwe peke yake, hata kwa hasara kubwa. Waingereza wakatumia gesi ya sumu kwa mara yao ya kwanza. Mahali pengine upepo ukawarudishia wenyewe.

Kaskazini ya hapo, askari wa Bara Hindi, Waislamu, Masingasinga na Wahindu, walitumwa kushambulia ili Mjerumani asipate kupeleka watu Loos. Walipenya mahandaki ya mbele, kisha wakarudishwa nyuma. Vita vya Loos vilipokoma Oktoba, Waingereza na askari wao walikuwa wamepoteza zaidi ya watu 50,000, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Ngome ya Mjerumani haikuvunjika.

Mimi mtunga mashairi nimeguswa zaidi na barua za askari hao. Zilisomwa na maofisa kabla ya kuvuka bahari, basi wenyewe wakafumba: pilipili manga ni Mhindi, pilipili nyekundu ni Mwingereza. Mmoja aliwaarifu wa kwao kwamba pilipili manga imekwisha, sasa yatumika nyekundu. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulitambua. Ofisa alilitambua, akalinakili. Ndiyo maana leo twalisoma.

Huko Neuve-Chapelle, si mbali na Loos, liko jengo la ukumbusho lililozinduliwa mwaka 1927. Lina majina zaidi ya 4,700 ya askari wa Bara Hindi wasio na kaburi lijulikanalo. Nguzo yake imeandikwa, kwa Kiarabu na lugha nyingine, kwamba Mungu ni Mmoja na ushindi ni Wake.

Msomaji, vitabu vingi vikieleza shambulio lile huwataja Joffre na Haig. Wewe ukiwasimulia wanao, anza na wale waliofumba kwa pilipili. Hawakuulizwa shauri, na deni walilipa wao.