Tumbo Halina Saa

Jumanne. Saa 7:15 mchana: wali, maharage bakuli zima, kachumbari. Saa 12:30 jioni: chai ya maziwa, kikombe kimoja. Saa 2 usiku: tumbo limejaa gesi, msokoto chini ya kitovu, maumivu 7 kwa 10. Saa 3:10: choo, uji uji wenye mabonge. Usingizi wa mang'amung'amu.

Huo ni ukurasa mmoja wa kaunta buku ninaloandikia habari za tumbo langu. Wakati huo nilikuwa nimeumwa miaka minne. Kutoka zahanati moja hadi nyingine nilikuwa nimeambiwa nina taifodi, nina amiba, nina vidonda vya tumbo, na kila nilichopewa nilimeza. Dawa zilipokwisha na tumbo likabaki lilelile, nikaamua kumtafuta mkosaji mwenyewe. Nikamkamata: chai ya maziwa ya mama mkwe. Kila nikiinywa jioni, kabla ya saa 3 usiku tumbo limeshachafuka. Niliiacha kwa miaka miwili. Nikawa nakaa barazani na kikombe cha chai ya rangi, wenzangu wakinywa ya maziwa yenye iliki. Baadaye nikaacha mayai, nikaacha samaki wa kukaanga, mwishowe nikaacha kula kwa watu. Tumbo halikupoa.

Ndipo daktari mmoja, baada ya vipimo vya damu na choo kutoonyesha kitu, akanipa agizo ambalo sikulitegemea. Rudi kwenye chakula chako chote cha zamani, aliniambia, na chai ikiwemo. Kwa wiki mbili andika kila unachokula na kila unachohisi, pamoja na saa yake. Hilo la kuandika saa ndilo lililonifungua macho. Naliandikia leo kwa sababu naona watu wengi wanajinyima vyakula vizuri, na bado wanaumwa, kwa kosa dogo la hesabu ya muda.

Safari ya tonge

Tonge la maharage likishamezwa, lina safari ndefu mbele yake. Kwanza husagwa tumboni. Kisha huingia utumbo mwembamba, bomba la takriban mita 6 lililojikunja, ambako vimeng'enya huvunja chakula na damu hufyonza kinachofaa. Mabaki ya kwanza hufika utumbo mpana baada ya muda wa saa 4 hadi 6 hivi. Huko, katika mita moja na nusu iliyobaki, hukaa siku nzima au zaidi. Kwa mtu mzima mwenye afya, safari yote kutoka mdomoni hadi chooni kwa kawaida huchukua siku 1 hadi 3.

Rudi sasa kwenye ukurasa wangu wa Jumanne. Maharage niliyokula saa 7 mchana yalikuwa yanaingia utumbo mpana kati ya saa 11 jioni na saa 1 usiku, muda uleule niliokuwa nimeshika kikombe cha chai.

Na kuna jambo la pili. Chakula au kinywaji kinapotua tumboni, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye utumbo mpana ujikaze na kusukuma mbele vilivyotangulia. Ndiyo maana kitoto kichanga hujisaidia kingali kinanyonya, na mtu mzima husikia haja mara tu baada ya chai ya asubuhi. Kinachotoka muda huo ni chakula cha jana au juzi. Chai imebisha hodi tu, waliokuwamo ndani wakatoka, nasi tukasema chai ndiyo iliyoleta fujo. Kumbukumbu ya binadamu humshika aliyeingia mwisho. Tumbo lenyewe halina saa ya kututajia aliyeingia kwanza.

Utumbo mwepesi kuudhika

Ugonjwa wangu madaktari huuita kwa herufi tatu, IBS, yaani utumbo ulio mwepesi kuudhika. Vigezo vya kimataifa viitwavyo vya Roma, katika toleo la mwaka 2016, vinataka maumivu ya tumbo ya angalau siku moja kwa wiki, kwa wastani, katika miezi 3 iliyopita, na dalili ziwe zilianza si chini ya miezi 6 nyuma. Maumivu hayo yawe na mambo mawili kati ya haya matatu: yanahusiana na kwenda haja, idadi ya safari za chooni imebadilika, au choo chenyewe kimebadilika sura. Mpira wa kamera ukiingizwa, ukuta wa utumbo huonekana mzima. Hapo ndipo wagonjwa wengi huambiwa, na ndugu wakati mwingine, kwamba wanajidekeza.

Hawajidekezi. Mwaka 1973 yalichapishwa huko Uingereza majaribio ya kujaza hewa puto dogo ndani ya utumbo mpana. Kwa ujazo ambao watu wazima wengi wenye afya waliuvumilia bila shida, wengi wa wagonjwa hawa walisikia maumivu. Ukuta wa njia ya chakula una seli za fahamu zaidi ya milioni 100, nazo huzungumza na ubongo mchana na usiku. Kwa mwenye IBS mazungumzo hayo yana sauti ya juu mno: gesi ambayo jirani yake haihisi, kwake ni kisu. Wasiwasi, kukosa usingizi na siku za hedhi huweza kuipandisha sauti hiyo zaidi. Kwa hiyo haya nayo yanastahili mstari wake kwenye daftari.

Sukari zisizofyonzwa

Gesi hiyo inatoka wapi? Maharage, kunde na dengu zina sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi. Mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Zinavuka utumbo mwembamba zikiwa nzima, na zikifika utumbo mpana bakteria na vijidudu wenzao huzishangilia, huzichachusha na kutoa haidrojeni, kaboni dayoksaidi na kwa baadhi yetu methani. Vitunguu maji, vitunguu saumu na ngano vina fruktani, ambazo nazo hatuna kimeng'enya chake. Maziwa yana laktosi. Embe lina fruktosi nyingi kuliko glukosi, na ziada hiyo hufyonzwa polepole. Baadhi ya sukari hizi huvuta pia maji ndani ya utumbo. Gesi na maji kwa pamoja huutanua utumbo, na utumbo mwepesi kuudhika hulia.

Kundi hili lilipewa jina la FODMAP mwaka 2005 na Peter Gibson na Sue Shepherd wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne. Mwaka 2014 timu ya Monash ilichapisha jaribio lenye uzito: wagonjwa 30 wa IBS walipikiwa karibu chakula chao chote, siku 21 chenye FODMAP kidogo na siku 21 cha kawaida cha Australia. Kwa kipimo cha 0 hadi 100, dalili zilikuwa wastani wa 45 kwa chakula cha kawaida na 23 kwa kile kingine. Zilishuka kwa karibu nusu, na hakikuhusika kidonge hata kimoja.

Jikoni kwetu elimu hii inatumika bila gharama. Ugali wa mahindi, wali, viazi mviringo, samaki, mayai, nyama, karoti na mchicha kwa wengi ni vyakula vya amani. Maharage yakilowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa na kupikwa kwa maji mapya, hupoteza sehemu ya zile sukari. Halafu kuna siri ya kikaango. Fruktani huyeyuka kwenye maji, lakini haziyeyuki kwenye mafuta. Ukikaanga vipande vya kitunguu saumu kwenye mafuta kisha ukavitoa kabla ya kuweka nyanya, harufu inabaki na fruktani zinaondoka. Ukivichemsha ndani ya mchuzi, hata ukivitoa umechelewa.

Daftari nalo hupotoka

Onyo moja ni la lazima. Mtu akishaamini kwamba chakula fulani kinamdhuru, mwili huweza kumdhuru kwa imani hiyo. Mwaka 2011 watafiti wa Monash walionyesha kwamba gluteni, protini ya ngano, iliwasumbua watu wasio na siliaki, yaani ugonjwa ambao utumbo hudhurika kwa gluteni. Walilirudia jaribio kwa ukali zaidi, na mwaka 2013 wakachapisha matokeo ya watu 37 ambao kwanza walipunguziwa FODMAP, ndipo wakalishwa gluteni au chakula kisicho nayo bila kujua ni kipi. Dalili zilipanda kwa vyote viwili. Walichokuwa wakikiogopa hakikuhitaji hata kuwemo kwenye sahani. Mwaka 2018 jaribio la Oslo, Norway, lilinyooshea kidole fruktani za ngano badala ya gluteni.

Kwa hiyo daftari hukupa mshukiwa, na mshukiwa lazima apewe nafasi ya kujitetea. Wataalamu wa lishe huifanya kazi hii kwa hatua tatu. Kwanza, punguza vyakula vya kundi hili kwa wiki 2 hadi 6. Tumbo likitulia, rudisha aina moja moja, kila moja kwa siku 3, kiasi kikipanda siku hadi siku, huku ukiandika. Mwisho, rudisha vyote vilivyofaulu. Anayebaki hatua ya kwanza miaka nenda rudi anajinyima nyuzinyuzi na virutubisho, na anawanyima chakula bakteria wema wa utumbo mpana.

Maziwa yanafundisha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Wengi duniani, wakishakua, hupunguza kutengeneza kimeng'enya cha laktosi. Lakini mwaka 2007 timu ya Sarah Tishkoff ilichapisha uchunguzi wa watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, ikagundua mabadiliko ya jeni yanayowawezesha wengi wa jamii za wafugaji kumeng'enya maziwa maisha yao yote, tofauti na yale ya Wazungu. Watu wawili wa mtaa mmoja wanaweza kunywa maziwa ya ng'ombe mmoja, mmoja akalala vizuri na mwingine akakesha. Hata yule wa pili mara nyingi humudu kikombe kimoja, na maziwa mgando humtendea vizuri zaidi kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu ya laktosi.

Namna ya kuandika

Daftari la shule linatosha. Chora safu nne: saa, nilichokula na kiasi chake, nilichohisi kwa namba 0 hadi 10, na choo. Kwa choo tumia chati ya Bristol, iliyochapishwa na Lewis na Heaton mwaka 1997. Aina ya 1 ni vidonge vikavu kama mavi ya mbuzi, ya 3 na ya 4 ndizo za afya, ya 7 ni maji matupu. Ongeza usingizi, dawa na jambo lolote lililokukera siku hiyo. Andika papo hapo, maana kinachoandikwa usiku wa manane hutoka kwenye hasira. Baada ya wiki mbili, kila penye namba kubwa rudi nyuma, usome kilicholiwa muda wa saa 4 hadi 24 kabla yake.

Zipo dalili ambazo daftari halina mamlaka nazo. Damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu, homa, upungufu wa damu, maumivu yanayokuamsha usingizini, au tumbo kubadilika tabia baada ya miaka 50: hayo ni ya hospitali, tena mapema. Anayeishi kando ya Ziwa Victoria apimwe kichocho. Na usiache ngano kabla ya kupimwa siliaki, kwa kuwa ukishaiacha kipimo cha damu huweza kukosa alama. Ugonjwa huo wenyewe ulitambulika kwa uangalizi wa sahani. Huko Uholanzi, daktari wa watoto Willem Dicke alianza miaka ya 1930 kuwaondolea ngano watoto waliodhoofishwa na kuharisha, na mwaka 1950 akawasilisha tasnifu iliyoonyesha namna walivyokuwa wakinenepa ngano ikitoka na kukonda ikirudi.

Daftari langu lilipotimiza wiki mbili, nilihesabu jioni mbaya sita. Zote sita zilikuwa na chai. Lakini na zile nane nzuri pia zilikuwa na chai. Kilichozitenganisha kilikuwa mchana: maharage bakuli zima na kachumbari iliyojaa vitunguu. Nikaijaribu chai peke yake, siku tatu mfululizo, mchana nikila ugali na samaki. Namba ziliandikwa 1, 0, 1.

Maharage bado nakula, nusu bakuli, yaliyolowekwa. Na Ijumaa iliyofuata nilipofika barazani, mama mkwe akaniwekea kikombe cha chai ya rangi kama alivyozoea. Nikamwomba, "Mama, leo nichemshie ya maziwa." Aliniangalia kidogo, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia ninayo, imeandikwa.