Jina la Mdudu Lina Faida Gani kwa Mkulima?



Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, na moja ya kazi zangu ni kupokea vitu ambavyo wakulima huleta: mdudu ndani ya chupa, tawi lenye ugonjwa, au gugu lisilojulikana. Huandika katika daftari jina la mwenye shamba, mahali na tarehe, kisha kitu hicho hupelekwa kwa wataalamu. Jibu likirudi, mara nyingi huanza kwa maneno mawili ya Kilatini. Hapo mwenye shamba hukunja uso na kuniuliza, "Mimi nilitaka dawa, nawe wanipa jina. Je, jina litaua mdudu?"

Swali hilo ni la haki, na yafaa lijibiwe. Soma habari hii mpaka mwisho, nawe utaona kwamba katika nchi yetu wenyewe jina lisilo sahihi liliwahi kuwapotezea wakulima wa kahawa miaka mingi, na jina sahihi ndilo lililowafungulia njia.

MDUDU WA UNGA KATIKA KAHAWA

Katika miaka ya 1920 mibuni ya Kenya, upande wa mashariki ya Bonde la Ufa, ilishambuliwa na mdudu mdogo, mweupe na laini, aliyefunikwa na kitu kama unga. Kwa hiyo hapa tutamwita mdudu wa unga. Wadudu hawa hujikusanya penye vifundo vya matawi, kati ya maua na matunda, wakanyonya maji ya mti. Nao hutoa maji matamu, na juu ya maji hayo huota ukungu mweusi kama masizi. Sisimizi huyapenda sana maji hayo, na kwa ajili yake huwalinda wadudu wa unga na kuwafukuza adui zao. Mdudu huyu hakuishia katika kahawa. Alionekana pia katika viazi vikuu na mbaazi, yaani katika chakula cha watu.

Wenye mashamba walifunga mashina ya mibuni kwa ukanda wenye kitu cha kunata, ili sisimizi wasipande. Njia hiyo ilisaidia, lakini ilikuwa kazi kubwa na ya gharama, na mdudu hakwisha.

Wataalamu walijua njia nyingine. Kila mdudu ana adui zake huko kwao anakotoka. Akihamia nchi ngeni bila adui hao, huzaana bila kizuizi. Basi ukimjua mdudu ni nani, wajua kwao ni wapi. Na ukijua kwao, wajua pa kuwatafuta adui zake. Swali la kwanza, basi, lilikuwa hili: huyu ni nani?

Mwanzoni alidhaniwa kuwa ni mdudu wa unga wa michungwa, ambaye anajulikana katika nchi nyingi. Baadaye akadhaniwa kuwa ni mwingine anayepatikana Asia. Kosa hilo si la kushangaza, kwa maana wote ni weupe, wote ni wadogo, na wote wana unga. Adui wa wadudu hao wakatafutwa ng'ambo ya bahari, wakaletwa Kenya na kufunguliwa mashambani. Hawakufaa kitu. Walikuwa wamezoea mdudu mwingine, na huyu wetu hawakumweza.

Ndipo mdudu akatazamwa upya. Kwa macho matupu huwezi kuona tofauti. Yapasa aondolewe unga na nyama kwa dawa, ngozi yake tupu ilazwe juu ya kipande cha kioo, kisha itazamwe kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo. Hapo mtaalamu huhesabu vitundu na vinywele vya ngozi hiyo na kuona vimepangwaje. Ilionekana kwamba huyu si yule wa michungwa, wala si yule wa Asia. Alikuwa hajaandikwa na mtu yeyote. Mwaka 1935 Bwana R. H. Le Pelley, mtaalamu wa wadudu wa Idara ya Kilimo ya Kenya, alipiga chapa maelezo yake na kumpa jina *Pseudococcus kenyae*. Neno *kenyae* maana yake ni "wa Kenya".

Sasa tazama lililofuata. Kwa kuwa mdudu huyu si wa Asia, hapakuwa na sababu tena ya kutafuta huko. Wataalamu wakatafuta karibu, wakamkuta Uganda, ambako aliishi bila kuleta hasara kubwa kwa sababu adui zake walikuwako. Mwaka 1938 nyigu wadogo sana waliletwa kutoka Uganda, wakazalishwa na kufunguliwa katika kahawa. Nyigu huyo hutaga yai ndani ya mdudu wa unga, na mtoto wake humla mdudu kwa ndani mpaka afe. Baada ya miaka michache hasara ilipungua sana. Msaada ulikuwa kwa jirani, nasi tulikuwa tukiutafuta mbali kwa sababu ya jina.

JINA HUTOLEWAJE?

Watu wengine hufikiri kwamba mtaalamu akiona mdudu mgeni humpa jina apendalo, basi yamekwisha. Sivyo. Ili aina mpya, au spishi kama wasemavyo siku hizi, ikubaliwe, kuna kazi tano.

Kwanza ni kukusanya. Mdudu mmoja hatoshi, maana huenda ni mtoto, au kilema, au ana rangi isiyo ya kawaida. Hutakiwa kadhaa.

Pili ni kulinganisha. Hii ndiyo kazi ndefu kuliko zote. Mtaalamu hutazama wadudu waliowekwa katika majumba ya makumbusho na kusoma yote yaliyoandikwa juu ya jamaa zao, maana asiyewajua wa zamani hawezi kusema huyu ni mpya. Siku hizi husomwa pia chembe za urithi zilizo ndani ya mwili, lakini kazi ya kutazama na kulinganisha ingali ipo.

Tatu ni kuandika maelezo: ukubwa, umbo, na hasa tofauti yake na jamaa walio karibu naye, tena alipatikana wapi, lini, na katika mmea gani.

Nne ni kuchagua kielelezo. Mdudu mmoja, au tawi moja lililokaushwa ikiwa ni mmea, huwekwa katika jumba la makumbusho na jina hufungwa kwake. Ni kama ratili halisi inayowekwa ili mizani zote za soko zipimwe kwayo. Watu wakibishana baadaye, hurudi kukitazama kielelezo hicho. Hapa Nairobi kuna makusanyo makubwa ya wadudu na ya mimea iliyokaushwa katika Makumbusho ya Taifa. Yale ya mimea yalihamishwa kutoka Amani, Tanganyika, mwaka 1950.

Tano ni kupiga chapa, ili watu wote wasome. Jina lililobaki katika daftari ya mtu halihesabiwi.

KWA NINI MANENO MAWILI YA KILATINI?

Desturi hii iliwekwa na Carl Linnaeus wa Uswidi. Majina ya mimea huanzia kitabu chake cha mwaka 1753, na ya wanyama kitabu cha mwaka 1758. Neno la kwanza ni kama jina la ukoo, na la pili ni la mwenyewe. Kahawa unayopanda milimani ni *Coffea arabica*, na ile ya robusta ni *Coffea canephora*. Ukoo ni mmoja, watu ni wawili.

Majina yetu ya nyumbani ni mazuri, lakini hayavuki mipaka. Mboga ambayo Mswahili huita mnavu, Mkikuyu huita managu, Mjaluo huita osuga, na Mkisii huita rinagu. Tena chini ya jina hilo moja kuna aina zaidi ya moja: moja ina majani mapana na matunda meusi, nyingine ina matunda ya rangi ya machungwa. Mtu wa India au wa Brazil akiandika juu ya mboga hiyo, utajuaje kama ndiyo yako? Kwa jina la Kilatini utajua.

Lakini usitegemee kwamba jina lenyewe litakupa habari zote. *Arabica* maana yake ni "ya Uarabuni", ilhali kwao kahawa hiyo hasa ni milima ya Ethiopia. Na mdudu *kenyae* alionekana kuwa mwenyeji wa Uganda. Majina haya hayabadilishwi kwa sababu hiyo, maana tukianza kubadilisha kila jina lisilopendeza, hatutaelewana kamwe. Kitu kinachoweza kubadilika ni ukoo, wataalamu wakiona kwamba kiumbe aliwekwa mahali pasipo pake. Leo mdudu wetu huandikwa *Planococcus kenyae* (Le Pelley). Vile vifungo viwili kando ya jina la Le Pelley vyakuambia kwamba yeye ndiye aliyemwandika kwanza, lakini katika ukoo mwingine.

MUHOGO NA MAEMBE

Usidhani mambo hayo yalikwisha zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mdudu mwingine wa unga alianza kuharibu muhogo huko Congo. Mwaka 1977 mtaalamu wa Ufaransa, Bibi Danièle Matile-Ferrero, alimpa jina *Phenacoccus manihoti*. Kwa kuwa muhogo kwao ni Amerika ya Kusini, adui wakatafutwa huko. Upande wa kaskazini alipatikana mdudu anayefanana naye sana, lakini adui zake hawakumweza huyu wa Afrika. Alipochunguzwa vizuri, alionekana kuwa mwingine kabisa, naye akapewa jina lake mwaka 1981. Mwaka huo huo yule halisi alipatikana Paraguay, na nyigu wake akaletwa Nigeria, kisha akaenezwa katika nchi nyingi za Afrika. Ni kisa kile kile cha kahawa.

Wakati mwingine kosa huwa la upande wa pili, yaani kiumbe mmoja kuwa na majina mawili. Mwaka 2003 nzi mgeni wa matunda alionekana hapa Kenya, naye akaharibu maembe mengi. Mwaka 2005 aliandikwa kama aina mpya, *Bactrocera invadens*. Lakini mwaka 2015 wataalamu wa nchi mbalimbali walithibitisha kwamba ndiye yule yule nzi wa Asia, *Bactrocera dorsalis*, aliyekwisha kuandikwa mwaka 1912. Kwa sheria ya majina, jina la zamani hushinda. Faida yake ni kwamba mambo yote yaliyojifunzwa Asia juu ya nzi huyo kwa zaidi ya miaka mia yaweza kutumika hapa kwetu.

KAZI YAKO WEWE

Yote haya huanzia shambani. Siku moja mkulima aliniletea mdudu katika kitambaa, amepondwa, wala hakukumbuka alimtoa katika mti gani. Ilinibidi kuandika "haijulikani", na safari yake ya maili nyingi ikawa bure. Ili yasikupate hayo, fanya hivi:

1. Lete wadudu kadhaa, wakubwa kwa wadogo. Walio laini watie katika chupa ndogo yenye spiriti. Walio wakavu watie katika kisanduku cha kiberiti.

2. Lete pia kipande cha mmea uliowakuta juu yake. Kama ni gugu usilolijua, lete tawi lenye majani, maua na matunda, lililokaushwa kati ya karatasi za gazeti.

3. Andika kwa penseli, si kwa wino, maana spiriti hufuta wino. Andika jina lako, mahali, tarehe na mmea. Picha ya simu husaidia, lakini haitoshi. Vitundu vya ngozi havionekani katika picha.

4. Usihamishe miche wala wadudu walio hai kutoka wilaya moja hadi nyingine.

5. Usikimbilie kunyunyiza dawa kabla ya kupata jibu. Huenda ukawaua nyigu wanaokusaidia, na kumwacha mdudu aliyekuleta ofisini.

Basi, kwa yule aliyeuliza kama jina litaua mdudu, jibu ni kwamba haliui. Jina hukuonyesha pa kumtafuta atakayemwua. Ukiona kitu kigeni shambani, kilete mapema, nasi tutakiandika.